Koti la Kuingilia Mbinguni

Jumapili, 3 Machi

Mpango wangu umeharibika. Mpango mzuri, wa miaka mingi! Mimi nilikuwa niokoke dakika ya mwisho, kama yule mwizi msalabani. Unaishi utakavyo, unafika ukingoni, unasema neno moja, unaingia pamoja na waliofunga na kukesha. Marehemu mke wangu akiusikia mpango huu alikuwa anatikisa kichwa na kuniuliza dakika ya mwisho nitaijuaje. Nilikuwa nacheka. Nilimwambia nitaijua tu.

Jana tumemzika muuza magazeti wa pale kona. Alikufa akitusimulia kichekesho. Akacheka, akanyamaza. Basi! Hata mwisho wa kichekesho hatukuujua.

Sasa nitampataje mke wangu? Yeye yuko mbinguni, sina shaka hata kidogo. Mimi niko hapa na cherehani yangu na nguo za watu.

Jumatatu, 4 Machi

Nimekwenda kwa Mchungaji. Kijana mdogo, suruali yake nimeipunguza mimi mwenyewe. Ubatizo ni Jumapili hii. Akasema wenzangu wamehudhuria darasa miezi kadhaa. Nikamwambia mimi nimehudhuria miaka yote ya ndoa. Kila Jumapili nilimpakia mke wangu kwenye baiskeli, nikamshusha mlangoni mwa kanisa, nikabaki nje chini ya dirisha la kwaya nikimsubiri. Ndani sikuingia, niliona aibu. Wakati wa kurudi yeye huko nyuma alinisimulia mahubiri yote, mimi nakanyaga pedeli. Tukifika kwenye kilima, naye alikuwa amefika kwenye toba.

Mchungaji akacheka, akaniuliza maswali, nikayajibu yote. Kila jibu nililisikia kwanza mgongoni, kwa sauti ya mke wangu. Machozi yakanilenga, nikasingizia vumbi.

Nikauliza la kwangu: huko juu, mtu na mkewe wanakaa pamoja? Akasema Bwana alishalijibu hilo, huko hawaoi wala hawaolewi. Nimerudi nyumbani kwa miguu. Baiskeli nimeisahau kanisani.

Jumatano, 6 Machi

Hawaoi wala hawaolewi! Maana yake ndoa yangu imeishia makaburini, na mke wangu huko aliko hana mume. Na Besi je?

Besi ni seremala. Tunamwita hivyo kwa sababu ndiyo sauti anayoimba kwenye kwaya. Alimposa mke wangu kabla yangu, akakataliwa, lakini akaendelea kuimba naye kila Jumapili, mimi nikiwa nje nimeegemea baiskeli. Ameokoka tangu ujana wake. Siku hizi kifua kinamsumbua, na kila anayemwambia pole anajibiwa kwamba yeye yuko tayari wakati wowote. Tayari! Atanitangulia, wataimba tena kwaya moja. Mimi nitafika nimechelewa, katikati ya umati usiohesabika, wote wamevaa nyeupe. Nitatambulikaje?

Ndipo nikalikumbuka koti langu la harusi. Nililishona mwenyewe. Mkono wa kushoto umeuzidi wa kulia kwa vidole viwili, kwa sababu siku niliyojipima, yeye alikuwa amekaa palepale dukani, na macho yangu hayakuwa kwenye futi. Siku ya harusi aliukunja ule mkono mbele ya wageni, akacheka mpaka shela ikamteleza. Akanikataza nisiurekebishe kamwe. Ee Mungu, kile kicheko!

Nimelitoa sandukuni. Bado linanitosha, nisipopumua sana. Jumapili nitalivaa ndani ya kanzu ya ubatizo. Sijui kuogelea. Lolote likinipata majini, angalau nifike nimevaa.

Ijumaa, 8 Machi

Mchungaji amepita dukani kuniambia nisiingie majini na kinyongo. Akauliza kama kuna mtu sijamsamehe. Nilikuwa bado natafuta jibu zuri, binti yangu akanijibia: Besi, nani mwingine. Mtoto huyu amerithi ulimi wa mama yake.

Basi nikaenda karakana ya Besi kumsamehe. Nikachagua saa ya wateja wengi, watu waone. Kabla sijafungua mdomo, akaja na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, akanikumbatia, akasema ananiomba radhi kwa wivu wake wote wa zamani na mimi pia amenisamehe. Mbele za watu! Hata hapo kanitangulia! Nikamwambia mimi nilimsamehe zamani sana. Akauliza lini. Nikasema sikumbuki tarehe.

Jumapili, 10 Machi

Nimebatizwa. Kwa shida.

Mchungaji alinizamisha vizuri tu. Koti la sufu likanywa maji. Akanivuta, sikuja. Akavuta tena, akateleza yeye. Kule chini kulikuwa kimya. Nikajua ndiyo hii sasa, dakika yenyewe. Nikaunyoosha mkono wa kushoto, ule mrefu, uonekane. Mkono ukashikwa! Nikasema moyoni, mke wangu, umenijua.

Nikaibuka, nikafumbua macho. Besi! Ameingia majini na viatu vyake. Kanisa zima vigelegele.

Baadaye tukawa nyuma ya kanisa tunalikamua koti, yeye huku, mimi kule. Akautazama ule mkono, akacheka, halafu akanisimulia jambo. Kumbe lile dirisha la kwaya alikuwa akilifungua mke wangu. Kila Jumapili, hata siku za baridi kali. Wenzake walilalamika, na Besi alilalamika kuliko wote, kwa ajili ya kifua chake. Mke wangu aliwajibu kwamba nje yuko mtu, na akisikia vizuri siku moja ataingia. Miaka yote ile aliimba uso wake umeelekea nje.

Nami nilidhani linafunguliwa kupata hewa tu. Nililia. Safari hii sikusingizia chochote, nilikuwa nimelowa tayari.

Jumatatu, 11 Machi

Koti liko kwenye kamba. Moyo umetulia kabisa. Binti yangu amesema hajaniona hivi tangu enzi za mama yake. Nimemweleza kwamba wokovu ni neema tu, hakuna wa kwanza wala wa mwisho, na mambo ya kushindana mimi basi tena.

Jioni amekuja Besi na kitambaa. Anataka koti kama langu, la safari yake, Bwana akimwita. Hata mkono wa kushoto anautaka mrefu vilevile, uwe ukumbusho wa jana. Nikamwambia bila shaka, ndugu yangu katika Bwana.

Nimempima, nikarudia kumpima. Macho sikuyatoa kwenye futi. Litakuwa koti bora kuliko yote niliyowahi kushona, na mikono yake itakuwa sawasawa kabisa, isipishane hata uzi. Mke wangu asije akababaika.