Wakala wa Visiwa Vinavyozama

Saa tatu asubuhi, Jumatano tarehe 11 Machi 1998, maji ya ziwa yalikuwa yamefunika ngazi ya tatu ya gati la Jinja. Norman aliliona hilo akiwa ndani ya suti ya kuazima, gazeti kuukuu mfukoni. Gazeti lilieleza jinsi mataifa ya visiwa vya chini yanavyohangaika na bahari inayopanda: mengine yanajenga kuta, mengine yanainua ardhi kwa mchanga, mengine yanauliza kama watu wao wanaweza kuhamia ng'ambo. Msomaji wa kawaida angesikitika. Norman alitafuta teksi.

Saa tano alikuwa Bugembe, dukani kwa Odhiambo, Mkenya muuza vipuri na mwenye Yamaha nyekundu ambayo Norman aliitamani tangu Krismasi.

"Mimi ni wakala wa serikali ya visiwa," alisema. "Wanataka mlima, wamechagua Wanale. Nunua shamba kule kabla hawajafika, uwauzie kwa dola."

"Mbona wasije hapa Jinja? Tuko zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari."

"Bwana, mtu aliyefukuzwa na maji unampeleka ziwani?"

Odhiambo alikuna kidevu. "Bei?"

"Kwako wewe, hiyo pikipiki tu."

Alhamisi Norman alikwenda Mbale akapanda Wanale, akamtafuta mjane aitwaye Khainza. Kazi yake ilikuwa ndogo: adai kwamba mteremko mmoja wa serikali ni shamba lake. Malipo, kilo mbili za sukari.

"Na wewe unapata nini?" Khainza aliuliza.

"Pikipiki."

Mama huyo alikubali.

Ijumaa mchana wote watatu walikuwa mlimani. Ufunguo wa Yamaha ulikuwa tayari kwenye koti la Norman. Odhiambo alikuwa amebebwa nyuma kwenye pikipiki yake mwenyewe. Khainza alileta miche ya masale, ile inayopandwa mipakani.

"Wakala huanza kona ya juu," alisema. "Anavua viatu na koti. Akishika mche hasogei mpaka aitwe kutoka kona ya chini. Akisogea, mpaka unapinda. Kwenu visiwani mnafanyaje?"

Norman, mzaliwa wa mjini, hakuwahi kupanda hata kitunguu. Lakini wakala hawezi kukiri kwamba hajui.

"Hivyo hivyo, mama," alisema, akamkabidhi koti.

Wale wawili waliteremka wakinong'ona. Mvua ikaja, ikapita. Hatimaye akatokea jirani, Dauda, akiswaga mbuzi.

"Bwana, unalinda nini?"

"Nangoja kuitwa na Khainza."

"Khainza? Nimepishana naye huko chini, yuko nyuma ya pikipiki ya Mkenya, amevaa koti zuri. Anasema kaahidiwa gunia zima la sukari."

Norman alipapasa kifua, pale koti lilipokuwa.

"Na hapo ulipo si shamba la mtu," Dauda aliongeza kwa upole. "Ni ardhi ya serikali."

"Najua," alisema Norman.

Saa kumi na dakika tano aliuweka mche chini.