Vita vya Tundu la Wakoma

Tegeni masikio, enyi wa mabondeni na wa vilimani, mpate habari ya vita vilivyopiganwa kwa leso katika kanisa la kijiji cha Nether Wadlow, Uingereza. Nami nakiri mapema, kabla hamjaniuliza, kwamba mjinga wa siku hiyo nilikuwa mimi.

Mimi Desmond Garrod, mshika funguo, bingwa wa tarehe, simba wa kijitabu cha kurasa nane kinachouzwa mlangoni, kwa miaka ishirini niliwasimamisha wageni mbele ya tundu la ukuta wa kaskazini, nikawaapia kuwa lilitobolewa enzi za wafalme wa Kinormani, miaka mia tisa iliyopita, ili wakoma, waliokatazwa kuingia, waione madhabahu. Wageni walilia. Mmoja alilibusu.

Sasa waumini wakataka choo, maana katika miaka mia tisa ya sala hakuna aliyekifikiria, na fundi akasema bomba halina pa kupita ila tunduni humo. Nikatangaza vita. Akaja mkaguzi wa askofu, mtu mpole mwenye tochi. Akasema tundu likiwa la kale haliguswi, na habari ya choo tuisahau.

Ndipo akainuka Bi Mavis Tuttle, malkia wa maua ya madhabahuni, mwenye miaka themanini na minne na kibofu cha umri huo huo, ambaye kila Jumapili katikati ya mahubiri hukimbilia nyuma ya mti mkubwa wa makaburini, mvua inyeshe isinyeshe. Nikamhutubia robo saa nzima juu ya machozi ya wakoma.

"Ukimaliza, Desmond, nisogezee kiti," akasema.

Akapanda. Akachomoa leso, akaitemea mate, na kama jemadari apasuaye majeshi akaushambulia ukingo wa tundu, mara ya kwanza, mara ya pili, masizi yakarudi nyuma kwa aibu. Na mara ya tatu saruji ikanena: A. TUTTLE, 1953.

"Baba huyo," akamwambia mkaguzi. "Alilitoboa kupitisha bomba la jiko la makaa, la kupashia kanisa joto. Moshi wote ulirudi ndani, wakaling'oa kabla ya Pasaka."

Mkaguzi akaandika: choo kiruhusiwe. Hivyo ndivyo ngome ya karne tisa ilivyoanguka kwa mate ya bibi mmoja, na vizazi vijavyo vitaketi chooni vikimbariki. Nikampa mkono ashuke, huku nikilalamika: miaka ishirini ananisikia nikiwadanganya watu, amenyamaza tu?

"Hujawahi kuniuliza, Desmond," akasema. "Ulikuwa unanieleza."