Ukaguzi wa Pipa la Candida

Ilitangazwa rasmi, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya Landrova, kwamba kuanzia Jumatatu ile makapi ya chikichi hayataitwa tena takataka. Yataitwa malighafi ya kimkakati ya taifa. Sentensi hiyo aliitunga Bwana Pantaleo, Katibu wa Kamati ya Kuratibu Mkaa Mbadala, na aliipenda mno hata akaifuata Landrova kwa miguu kutoka Mnazi Mmoja hadi Msimbazi, aisikie tena na tena.

Malighafi yenyewe ilirundikana nyuma ya kiwanda cha sabuni cha Mzee Harilal, na aliyekuwa akiizoa ni mama mmoja wa mtaani, Candida. Kwa miaka mitatu alishindilia nyuzi za makapi hayo kwenye pipa, akawasha, akafunika, akaziba kwa udongo mpaka kesho yake. Hapo alipata mkaa mweusi, akaufinyanga kwa uji wa muhogo, akawauzia mama lishe. Vumbi lililobaki walilichukua wakulima wa mchicha wa Jangwani, wakalichanganya na udongo wa matuta yao. Yote hayo aliyafanya bila mwongozo wowote wa maandishi. Pantaleo alipoambiwa, alimwonea huruma kweli.

Kamati ikaamua: Jumatano, mbele ya Mgeni Rasmi, mkaa wa Candida uchemshe birika moja la chai. Likichemka, anapewa kibali. Lisipochemka, pipa linataifishwa. Nchi nzima ilikuwa ikibinafsisha, lakini pipa moja la kutaifisha halikosekani.

"Bwana Katibu," akasema Candida, "pipa hili ndilo linalosomesha wanangu. Nina sharti moja tu. Nikishaziba, hakuna kufungua. Hewa ikiingia, unavuna majivu."

"Ondoa wasiwasi, mama. Nimeandika," akajibu Pantaleo, na kweli alikuwa ameandika.

Jumanne asubuhi pipa likazibwa. Saa nne akaja Bwana Afya, akataka kuuona moshi ukiwa bado ndani. Akafunguliwa. Bwana Misitu akataka kuhakikisha hakuna mti uliojificha humo. Bwana Zimamoto akataka kuhakikisha moto hauwaki. Akaukuta unawaka, akasikitika. Bwana Vipimo alikuja na rula. Bwana Utamaduni hakujua anatafuta nini, ila wenzake wote walikuwa wameshafungua.

"Jamani, mnaniua!" akalia Candida, akiziba upya kwa udongo.

"Vumilia, mama. Ndiyo utaratibu," akasema Pantaleo, akimpa kila mmoja daftari asaini. Jioni akafungua na kusaini yeye mwenyewe, kuhakiki kama wote waliopaswa kufungua walikuwa wamefungua.

Jumatano kifuniko kikaondolewa. Ndani mlikuwa na majivu meupe, laini kama unga wa sembe.

"Mkaa uko wapi?" akauliza Mgeni Rasmi, birika mkononi.

"Mama huyu hana utaalamu," akanong'ona Bwana Vipimo. Wapagazi wawili wakalinyanyua pipa kulipeleka kwenye Landrova. Candida akamtazama Pantaleo. Na Pantaleo, aliyekuwa amelibana daftari kwapani lisionekane, akaona aibu, aibu hasa, ya kumfanya mtu mzima atamani kurudi kwao. Akalitoa.

Mgeni Rasmi akasoma saini zote. "Watu sita mmeweza kufungua," akasema, "hata mmoja hakuweza kuacha!"

Kufikia adhuhuri Kamati ilikuwa imevunjwa, wote sita wamepunguzwa kazini, na pipa limerudishwa kwa mwenyewe.

Candida akamwajiri Pantaleo kulinda kifuniko, kwa sahani ya wali kila mchana. "Wewe maneno yao unayajua," alimwambia.

Wiki iliyofuata Mgeni Rasmi akatokea tena, safari hii na mpiga picha. Pipa lilikuwa ndiyo kwanza limezibwa.

"Shikamoo, mzee," akasema Pantaleo, akisimama mbele ya pipa.

"Marahaba. Hebu fungua kidogo, nipigwe picha na mafanikio yangu."

"Halifunguliwi, mzee. Mpaka kesho."

"Wewe! Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, mzee. Wewe ni wa saba. Wa sita nilikuwa mimi."