Ndiva, Maharage na Kaptula ya Mwalimu

Leo nimepatikana. Wenzangu, habari itawafikia tu, afadhali muisikie kwangu kabla watu wa Myamba hawajaitia chumvi (ingawa haihitaji).

Mnajua nilivyochoka kuwafundisha watoto wafalme wa Uingereza. Basi asubuhi nikawapeleka kwenye ndiva, lile bwawa la udongo linalojaa maji usiku ili kukicha yaende mashambani kwa zamu. Nilitaka wasikie jinsi babu zetu walivyolichimba. Habari ikaenea. Bwana Shauri, yule Mzungu wa Serikali, akapanda kutoka Same, pamoja na Mhindi mwenye duka na rafiki yake Mmasai wa kule tambarare. Sijawahi kupata wasikilizaji wa kila namna kama hao. Kichwa kikavimba.

Zamu ya maji leo ilikuwa ya Mama Namsifu, mjane jirani yangu. Maharage yake yametoa maua na mvua imegoma. Akikosa maji leo, hana maharage. Kwa heshima tu akakubali kusubiri nimalize ndipo afungue mfereji wake.

Nilisimulia vizuri, msinione hivi. Nikafika kwenye gogo la kuzibia tundu la ndiva. Maneno yangetosha, lakini mimi nikataka waone. Nikalishika, nikalivuta kidogo tu.

Likatoka lote. Maji yakalisomba hadi korongoni, nayo yakafuata huko huko, maana mfereji wa Mama Namsifu ulikuwa bado umezibwa.

"Mwalimu," akasema Mama Namsifu, "hayo ni maharage yangu."

Sikufikiri. Niliruka ndani nikakalia tundu.

Maji yakakoma. (Mungu hakuninyima umbo.) Mama Namsifu akakimbilia jembe, watoto wakamfuata kufungua mfereji na kuziba njia ya korongo. Mimi nimo majini hadi kifuani, mbele ya Serikali.

"Tafadhali, endelea," akasema Bwana Shauri.

Ningefanyaje? Nikaendelea, nimekaa kama kuku anayeatamia, nikitaja koo zilizochimba na nani aliyelima wapi. Na walisikiliza. Mmasai akauliza ng'ombe walinyweshwa wapi. Mwenye duka akasema hata kijijini kwa babu yake, ng'ambo huko, maji hugawanywa kwa zamu. Nikasahau baridi.

Kisha Mama Namsifu akaita kutoka chini, "Tayari, mwalimu. Inuka."

Sikuweza. Maji yalikuwa yamenivuta nikanasa. Mmasai akashika mkono huu, mwenye duka ule, wakavuta kwa pamoja. Nikatoka. Kaptula haikutoka. Ilipita kwenye tundu, ikashika mfereji, ikatangulia shambani, darasa langu lote likiikimbiza kwa vifijo.

Bwana Shauri akageuka kutazama milima. Mmasai akavua shuka yake ya juu, akanifunga kiunoni. Mtu yule nitamshukuru maisha yangu yote.

Jioni hii Mama Namsifu amekuja kwangu. Maharage yamekunywa hadi tuta la mwisho. Kaptula ameifua na kuikunja, na juu yake ameweka ndizi mbivu. Nilimwamkia nikitazama chini.

"Marahaba, mwanangu. Sikujua kama babu yangu naye alichimba pale," akasema. "Juma lijalo ni zamu yangu tena. Uwalete na wengine wasikie. Ila uvae mkanda."