Mtaalamu Anataka Kitabu Chake Kitoke

Gazeti limeandika kwamba maktaba ya taifa imeongeza ghorofa kwa sababu vitabu vimefurika. Habari hiyo alitusomea Dobi, benchini kwetu nje ya kibanda cha kinyozi, na papo hapo Mtaalamu akainamisha kichwa.

Mtaalamu ni fundi saa. Hilo jina alijipa mwenyewe mwaka jana, alipochapisha kitabu cha kuwafundisha wanaume kuishi na mke. Sura nzima inasema mke akinuna usimbembeleze, atachoka mwenyewe. Basi mkewe akanuna, hakubembelezwa, akahamia kwa dada yake. Sasa anasema atarudi siku kitabu kile kitakapotoweka duniani.

"Si uvikusanye uvichome," Kinyozi akamwambia, wembe mkononi.

Alishavikusanya. Haikuwa kazi, maana wanunuzi wenyewe tulikuwa sisi, na Dobi cha kwake alikuwa amekiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Vimebaki viwili, na viko maktaba ya taifa, kwani sheria inamtaka kila anayechapisha apeleke nakala. Mtaalamu alizipeleka kwa mbwembwe, na suti juu. Juzi akarudi kuziomba.

"Mama wa mapokezi kaniambia pale vitabu vinaingia tu, havitoki. Eti hata vitukuu wangu watakikuta changu."

"Hongera," Dobi akasema. "Ujinga wako umekuwa mali ya taifa."

Tulicheka mpaka mteja kitini akaomba wembe uwekwe chini kwanza.

Mtaalamu hakucheka. Alisema yule mama alimshauri kwamba kama amebadili mawazo, aandike kingine, nacho kitapokelewa. Kisha akampeleka kwenye rafu ya mambo ya ndoa akaone. Ubavuni mwa kitabu chake kulikuwa na kingine, chembamba, kipya. Ni cha mkewe. Naye alikwenda kukitoa kile cha mumewe, akakataliwa, akaamua kukijibu sura kwa sura.

"Ile ya kununa kaijibuje?" nikauliza.

"Mstari mmoja tu. 'Nilikuwa nasubiri unibembeleze.'"

Hapo hata mimi niliona aibu kwa niaba yake. Kinyozi alijifanya anafuta kioo.

"Kwa hiyo huko mmelala ubavu kwa ubavu," Dobi akasema, akikunja gazeti, "na sheria hairuhusu mtu kuwatenganisha. Sasa hapa benchini umekaa kufanya nini?"

Mtaalamu akainuka, akashika njia ya kwa shemeji yake. Saa za watu kaziacha hapa benchini, na mpaka sasa hajazifuata.