Kiapo cha Kivinjari

Jumamosi, 9 Agosti

Leo nimekuwa mwalimu. Wa majaribio, lakini mwalimu.

Makamu mkuu wa shule ya wasichana, Mwalimu Gervas, ana chumba cha kompyuta na hana wa kufundisha humo. Amegawa wasichana ishirini wa kidato cha tano: kumi waje kwangu, kumi waende kwa Sophia, mwenye steshenari ng'ambo ya barabara. Jumatano atawapima. Ambaye wanafunzi wake wataonekana wanajua kutumia kivinjari cha intaneti kwa faida, siyo kwa kutazama mishono ya magauni, ndiye atakayefundisha shuleni kila Jumamosi.

Sophia ana cheti cha chuo, kakisomea Masasi. Mimi niliishia kidato cha pili. Lakini nina duka lenye kompyuta tatu, na nina Wema mgongoni. Siku moja ataulizwa mama yako anafanya kazi gani. Nataka ajibu bila kufikiri.

Somo la kwanza: tafuteni habari za mmomonyoko wa udongo. Shamsia, mrefu kuliko wenzake, kaandika: Shikamoo, naomba kuuliza kuhusu mmomonyoko wa udongo. Kisha kaweka mikono mapajani, anasubiri marahaba. Nimewaeleza kwamba hii haisalimiwi. Maneno matatu yanatosha. Wameona ni utovu wa adabu, ila wamefanya.

Jumapili, 10 Agosti

Leo nimetoa mambo yangu makubwa. Fungua kurasa tatu, siyo thelathini. Na kabla hujaamini, tazama nani kaandika na lini. Mfano nimeutoa nyumbani. Salmini, mume wangu, aliwahi kusoma mtandaoni tarehe ya mgao wa salfa, dawa ya unga ya mikorosho, akawatoa watu wa Makote wakasimama juani kutwa. Tarehe ilikuwa ya mwaka uliopita. Hadi leo akifika Makote huanza kwa kuomba radhi.

Wasichana wamecheka, wameandika. Nimefurahi.

Halafu nikamwona Sophia anafagia chini ya dirisha langu. Duka lake liko ng'ambo, anafagia kwangu! Anaiba masomo.

Nimepata wazo. Ya unyagoni nani kawahi kuyasikia barabarani? Hakuna. Kwa sababu ya kiapo. Nimefunga mlango, nimewafunika kanga, nimewaapisha: ya humu hayasemwi nje, asiyekuwemo asiambiwe. Wote wamepita unyagoni, uzito wanaujua. Wameapa kwa sauti moja.

Sophia afagie mpaka ufagio uishe.

Jumatano, 13 Agosti

Mwalimu Gervas kaja na daftari lake. Wasichana wa Sophia wamejibu kama redio. Wakaja wangu.

Kamuuliza Shamsia kivinjari ni nini. Shamsia kaangalia sakafu. Kamuuliza, basi umejifunza nini kwa Mama Wema?

"Hakuna, Mwalimu."

Wa pili, hakuna. Wa tatu, hakuna. Wa kumi aliulizwa kama kompyuta yenyewe amewahi kuiona. Akaomba muda wa kufikiri.

Mimi nakohoa, nakonyeza. Wamedhani nawakumbusha kiapo, wakazidi kukaza midomo.

Sophia kaniambia kwa ule upole wake, "Pole, Mama Wema. Labda umewafundisha mpaka wamemaliza."

Nimeomba siku nyingine. Mwalimu Gervas alikuwa anakataa, Wema akaanza kulia mgongoni, kilio kirefu. Akasema haya, Jumamosi. Mwanangu anajua kazi.

Salmini karudi shamba, nyusi njano kwa salfa. Nimemsimulia. Kauliza kama nimefungua darasa au nimeweka matanga.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimewaita wasichana. Nimewaambia kiapo nimekifuta, semeni. Shamsia kanijibu kwa adabu kabisa kwamba mimi siyo kungwi, kwa hiyo wao hawajui kama naweza kufuta. Nikamuuliza mbona kuapisha niliweza. Kasema hilo nalo wamelijadili bwenini, lakini wakaona wasijaribu.

Nimekwenda kwa Bi Kibibi, kungwi mwenyewe. Shikamoo, marahaba, nikaeleza. Alicheka mpaka akaomba maji. Akasema kiapo cha namna hiyo hajawahi kukifungua, na ndiyo maana wao hawaapishi watu kwa mambo ya mashine.

Nimefika mlangoni, akaniita.

"Uliwaapisha wasiseme, au wasitende?"

Wasiseme, Bibi.

"Sasa unalia nini?"

Jumamosi, 16 Agosti

Chumba cha kompyuta, shuleni. Sophia yupo na daftari. Mwalimu Gervas kaandika swali ubaoni: kwa nini maji ni shida huku Newala juu kuliko bondeni? Nimemwomba asiwaulize wangu kitu, awatazame tu.

Walitangulia wa Sophia. Kivinjari ni nini, wanakijua kwa moyo. Wakafungua kurasa mpaka mashine mbili zikaganda.

Wakakaa wangu. Kimya kama msikitini. Maneno matatu. Kurasa tatu. Shamsia akashuka hadi chini kutazama nani kaandika na lini, akakuta ya zamani mno, akaifunga, akatafuta nyingine. Akaandika jibu kwenye karatasi, akalitoa kwa mikono miwili, bila neno. Na wenzake tisa vilevile.

Mwalimu Gervas kasoma zote kumi. Kavua miwani.

"Karibu shuleni, Mwalimu Faidha."

Wema alikuwa amelala. Nimemwamsha nimwambie. Amelia, lakini amesikia.

Naanza wiki ijayo, wasichana arobaini.

Kuna jambo moja tu. Sophia alisimama nyuma ya Shamsia muda wote, anatazama, anaandika. Kajaza nusu ya daftari. Nimekaa, nimetafakari, kosa langu nimeliona. Niliapisha midomo peke yake.

Jumamosi ijayo naapisha na mikono.