Vichwa Mia na Ishirini

Jumatatu, 4 Machi

Ramona ameingia chumbani kwangu na tepu ya kupimia. Bila hodi! Mimi nakunywa kahawa yangu, yeye kapiga magoti kwenye zulia, anapima kutoka mlangoni hadi meza ya tatu. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema hatafuti, ameshapata: hapa zinaingia mashine sitini na mbili.

Ramona Etcheverry ni mkuu wa mashine za kamari hapa kasinoni. Mimi, Delbert Yost, ni msimamizi wa chumba cha poka, karata za hela. Meza tano, viti arobaini na vitano, miaka ishirini na sita kazini. Zamani hapa Reno kasino isiyo na poka ilikuwa inaonewa huruma. Siku hizi kila chumba cha poka kikifungwa mjini, mimi naletewa viti vyake. Nina viti vya vyumba marehemu sita.

Saa tano nikaitwa na mkurugenzi, Bwana Pettibone. Alizungumza kwa upole, na upole ndio ulionitisha. Alisema mashine haidai mshahara, haiendi chooni, na kila inachomeza ni mali ya nyumba, yaani kasino. Kwenye poka wachezaji wanalana wenyewe kwa wenyewe, nyumba inaambulia makombo. Lakini yeye ni mtu wa haki. Kuanzia kesho hadi Ijumaa, saa nane kamili mchana, atakuja mwenyewe kuhesabu vichwa vilivyokaa mezani. Siku nne, vichwa mia na ishirini. Vikitimia, chumba kinabaki. Visipotimia, Jumamosi Ramona anaingiza mashine zake.

Nikamwambia mia na ishirini ni kazi ndogo. Nikarudi chumbani kuhesabu. Kumi na mmoja! Na mmoja wao alikuwa amelala.

Niko nyumbani, siwezi kutulia. Nimeizunguka meza ya jikoni mpaka paka amekimbia. Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata mpango! Orodha ya wanaosubiri. Chumba chenye foleni hakifungwi, hata mtoto anajua. Na kwetu anayesubiri kiti huitwa jina kwenye kipaza sauti, linasikika kasino nzima mpaka vyooni. Basi nikaketi kuandika majina ishirini ya kubuni. Kufika la sita, kichwa kitupu. Nikafungua daftari la zamani, nikawaita wachezaji wangu wa kale, mmoja mmoja, kwa madaha. Sauti yangu ilikuwa tamu, acha nijisifu.

Ligaya, mgawaji karata wangu bora, akanijia polepole. Akaninong'oneza kwamba bosi, nusu ya hao unaowaita tumeshawazika.

Nikamwambia marehemu hawalalamiki.

Lakini wana wajane! Saa saba na nusu Bibi Teruko Nagata akatokea mlangoni, miaka sabini na tisa, anahema, kofia imekaa upande. Alikuwa mkahawani anakunywa supu akasikia namwita Nagata Hideo, kiti cha nne, meza ya pili. Mumewe. Mwaka wa tano huu yuko kaburini.

Sikujua pa kuuficha uso wangu. Nikaanza kusema kipaza sauti kina hitilafu. Akaniambia ninyamaze, Hideo hakuwahi kuacha kiti chake kipoe. Akakaa palepale, meza ya pili, kiti cha nne. Kisha akawafyeka hela wote waliokuwepo. Wastaafu wawili wakaenda zao wamenuna, na wale nilikuwa nawahitaji.

Saa nane Bwana Pettibone akaja, Ramona nyuma yake kama mkia. Nikampa orodha. Akaisoma, akapendezwa kabisa! Ramona akauliza swali moja tu: hao watu ishirini wanasubiri nini, wakati viti thelathini viko wazi?

Vichwa kumi na vitano.

Jumatano, 6 Machi

Wazo la leo ni supu. Nani anakataa cha bure? Nimepiga simu kwenye nyumba ya wazee kule Sparks. Nimewaambia atakayekaa mezani kwangu atapata supu ya kuku, mkate, na somo la poka bila malipo.

Wamekuja ishirini na sita, na basi lao! Saa saba chumba kimejaa, vijiko vinagonga bakuli, nimesimama katikati nikijiona gavana. Babu mmoja akauliza namba zitaanza kutajwa saa ngapi. Nikamweleza kwamba hii si bingo. Akasema basi supu nayo haina chumvi. Bibi mmoja akaliweka bakuli lake juu ya karata zake ili jirani asizione. Supu ikamwagika. Meza ya nne yote, kitambaa cha kijani chapachapa, karoti mpaka kwenye sahani ya Ligaya ya kuwekea vipande vya kuchezea, vile vya badala ya hela.

Sawa, kitambaa kitakauka. Lakini saa nane kasorobo dereva wa basi akapiga filimbi. Wote wakasimama kama jeshi! Nikamfuata, nikamsihi anipe dakika ishirini tu. Akasema saa nane na nusu ni dawa, na presha haisubiri poka. Wakaondoka na mkate wangu mifukoni.

Vichwa kumi na saba. Jumla thelathini na viwili. Ramona akaniwekea mkono begani, akaniambia, "Delbert kaka yangu, mfa maji haachi kutapatapa." Anajiona mcheshi.

Jioni nimekwenda kunyolewa kwa Otis. Sihitaji kunyolewa, nywele zenyewe nazihesabu. Lakini Otis ukimwambia siri umeitangaza, na siri ninayo.

Alhamisi, 7 Machi

Siri yenyewe ni hii. Kwenye kila mchezo tunatoa dola moja inaingia chunguni. Inakaa humo mpaka siku mtu mwenye karata nne za namna moja apigwe na mwenye nne kubwa zaidi. Hapo aliyepigwa anachukua nusu ya chungu, aliyempiga anachukua robo, na wengine wote waliokaa chumbani wanagawana robo iliyobaki. Ndiyo, aliyeshindwa analipwa kuliko aliyeshinda! Tunakiita Chungu cha Kilio. Hakijavunjika miaka mitatu. Kimefika dola laki moja na themanini elfu.

Nikamwambia Otis, kwa siri, kwamba chumba kinafungwa Ijumaa alasiri, pengine hata kabla, na kwa kuwa hela ya chungu ni ya wachezaji, watagawiwa watakaokutwa wamekaa.

Saa nne asubuhi foleni! Watu wa Carson City, watu wa Susanville, watu niliodhani wamehama nchi. Ligaya akauliza wametoka wapi, nikamweleza. Akanitazama sana. Akasema, "Bosi, yaani umetangaza msiba ili upate waombolezaji?" Nikamwambia mwombolezaji naye ana kichwa.

Nimeita majina halisi, ya watu wazima na afya zao. Bibi Nagata alikuwepo tangu tunafungua, kiti cha nne. Otis mwenyewe nilimwita kwenye kipaza sauti mara mbili, kwa raha tu. Vipande vinalia mezani, watu wanataniana, mmoja anamwambia mwenzake karata anazijua kama anavyomjua mkwewe, yaani hazijui. Ndivyo palivyokuwa mwaka nilioanza kazi hapa. Nakipenda chumba hiki, basi.

Saa nane: vichwa arobaini na vitano! Hakuna kiti kitupu, hata kile kibovu cha chumba marehemu cha tatu. Bwana Pettibone alihesabu mara mbili. Ramona alikunja tepu yake akaitia mfukoni. Jumla sabini na saba. Kesho nahitaji arobaini na tatu tu, na viti ninavyo arobaini na vitano.

Nimezunguka tena meza ya jikoni. Leo ni furaha, lakini miguu haijui tofauti.

Ijumaa, 8 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Saa tano, viti vyote vimejaa. Saa sita, foleni mpaka kwenye mashine za Ramona, na wanaosubiri wanaziegemea bila kuzichezea. Raha iliyoje! Saa saba, nimeanza kuandaa hotuba ya shukrani.

Saa saba na dakika kumi, meza ya pili, ukelele. Nikakimbia. Bibi Nagata ana malkia wanne. Fundi bomba mmoja wa Susanville ana wafalme wanne. Bibi kapigwa! Chungu cha Kilio kimevunjika!

Bibi hakulia. Alikishika kiti kwa mikono miwili, akasema, "Hideo, nimeshindwa vizuri." Ligaya ndiye aliyelia. Na mimi, sawa, kidogo.

Sasa, kanuni ni kwamba chungu kikivunjika michezo yote inasimama, ofisi inakagua kamera, wote wanasaini, ndipo wanalipwa. Ligaya akanivuta kando. Akaniambia, "Bosi, ukaguzi unaweza kuchukua hata saa mbili, wala hakuna atakayekulaumu. Watu hawawezi kuondoka kabla ya kulipwa. Waache wakae. Haraka haraka haina baraka."

Mimi nikaona hajui biashara. Mtu mwenye furaha haondoki! Nilitaka Bwana Pettibone akija awakute wanaimba. Nikapanda ngazi za ofisini mara tatu kwa miguu yangu mwenyewe, nikawahimiza, nikawabebea karatasi, nikawashikia kalamu. Dakika thelathini na tano tu! Hakuna chumba Nevada kilichowahi kulipa upesi hivyo. Kila mtu karibu dola elfu moja mkononi. Nikanyakua kipaza sauti, nikaitangazia kasino nzima kwamba Chungu cha Kilio kimelipwa chote, hadi senti ya mwisho, na sasa kiko sifuri.

Wale waliokuwa kwenye foleni wakatazamana. Kisha wakaondoka.

Waliokaa wakasimama kujinyoosha. Mlangoni alikuwa Ramona na sinia la bia za bure, anawapongeza mmoja mmoja kwa jina, anawauliza mbona wanakaa na bahati yote hiyo kwenye chumba kilichokwisha.

Saa nane kamili Bwana Pettibone akaingia. Bibi Nagata alikuwa kiti cha nne anajaza fomu ya kodi ya hela alizopata. Na yule bwana wa Jumatatu, amelala.

Vichwa viwili. Jumla sabini na tisa.

Mlangoni niliwaona watu wangu wote, wamejipanga kwenye mashine, migongo imenielekea. Otis alinipungia. Bwana Pettibone akasema pole, kwa upole uleule. Hotuba yangu nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Jumapili, 17 Machi

Nafanya kazi kwa Ramona sasa. Kizibao chekundu, kitambaa mfukoni, napangusa vioo vya mashine. Sitini na mbili, zimeenea kama alivyopima. Amenipa na tepu yake nimpimie ukumbi wa bingo. Sikuuliza kwa nini, na wa bingo sikuwaonya.

Leo mapumziko. Bibi Nagata aliinunua meza ya pili na viti vyake kwa hela ya kushindwa, ameiweka kwenye gereji yake kule Sparks, karibu na gari la Hideo ambalo hakuna anayeliendesha. Amenialika. Amenipa masharti mlangoni, kabla sijavua koti: hakuna orodha, hakuna kipaza sauti, hakuna chungu. Nikaapa. Akaniambia niape tena, kiapo cha kwanza kilikuwa cha haraka.

Tulikuwa sita. Ligaya alicheza badala ya kugawa, na kumbe ni mwizi wa kutisha! Otis alikuja, hakuthubutu kunitazama mpaka nilipomchukulia hela zake. Bibi alikaa kiti cha nne. Alitupikia wali na samaki, tukala hapohapo, na hakuna aliyetuhesabu. Kwa saa mbili nzima sikusimama. Miguu ilitulia chini ya meza kana kwamba si yangu. Nilitamani kumwambia Bibi asante, nikashindwa. Nikasema wali ni mzuri.

Kisha nikaenda kuchukua maji, na tepu ilikuwa mfukoni.

Kutoka mlangoni hadi ukutani, futi ishirini na mbili. Gari la Hideo likitoka, zinaingia meza tatu. Viti ishirini na saba! Nimeshamwambia Otis, kwa siri. Bibi Nagata bado sijamwambia.